Panya wa Rangwi ana minyoo kwenye ini. Tuogope?

Wadau, leo tuwaache kidogo wanasiasa wetu, twende milimani.

Mdau mmoja aliyekuwa likizo kwao Rangwi, kule juu Lushoto, ametuletea swali ambalo nimeona siyo la kujibu kwa mstari mmoja. Anasema walitega panya kwenye shamba la maharage, wakamnasa mmoja mnene, na kijana wa pale nyumbani akampasua ili ampe paka. Kwenye ini wakakuta vivimbe vitatu vyeupe, kila kimoja ukubwa wa harage. Wakatoboa kimoja kwa kijiti. Ndani akatoka mnyoo mweupe, bapa, amejikunja kama utepe. Bibi kuona vile akapiga kelele: tupeni, naweni mikono, paka asiguse! Halafu akataja neno ambalo Lushoto mtu mzima halitaji kwa utani. Tauni.

Mdau anauliza: yule mnyoo ni nini hasa, na bibi alikuwa na sababu ya kuogopa?

Jibu la haraka ni kwamba mnyoo yule hana shida na binadamu. Ila bibi hakukosea kumwogopa panya. Alichokosea ni mahali pa kuangalia tu. Sasa ngoja nieleze, maana hii habari ni ndefu kuliko inavyoonekana.

Kwa maelezo hayo, karibu hakika ni tegu, wa ukoo mmoja na tegu wa nguruwe na wa ng'ombe mnaowasikia kwa mabwana afya. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Taenia taeniaeformis, siku hizi wengi wanamwita Hydatigera taeniaeformis. Yupo karibu kila mahali duniani penye paka na panya. Mkubwa wake anaishi ndani ya utumbo wa paka. Anakata vipande vya mwili wake vilivyojaa mayai, vinatoka na kinyesi cha paka, mayai yanabaki kwenye majani na udongo. Panya anakula jani au anajilamba manyoya, anameza yai. Yai likifika tumboni linaanguliwa, kiluwiluwi anatoboa ukuta wa utumbo, anaingia kwenye damu, anashukia kwenye ini. Pale anajijengea mfuko wake anatulia na kurefuka, akisubiri kitu kimoja tu: panya aliwe na paka.

Asipoliwa, basi, mnyoo anakufa na panya wake. Panya hawezi kumwambukiza panya mwenzake tegu huyu, na paka hamwambukizi paka mwenzake. Lazima azunguke: paka, jani, panya, paka. Kwa hiyo bibi aliposema paka asiguse alipatia kabisa, hata kama sababu yake ilikuwa nyingine. Kumtupia paka ini bichi la panya ndiyo kumfungulia mlango tegu. Na sisi je? Visa vya binadamu kupata huyu tegu ni vya kuhesabu duniani kote. Ndugu zetu wa kusini wanaokula panya nao wasiwe na wasiwasi juu ya huyu wa kwenye ini, akishapikwa amekwisha.

Kabla paka wa nyumbani hajafika milimani, kazi hii ya kula panya walikuwa nayo paka pori, mondo na kanu, na bado wanayo. Kwa hiyo usidhani minyoo ni uchafu wa nyumba fulani. Ni wa nyasini pia.

Sasa najua kuna mdau ataingia kwenye intaneti, ataandika "tegu" na "panya" na "ini" kwa Kiingereza, na baada ya dakika tano atakuwa anatetemeka. Atakuwa amekutana na Echinococcus multilocularis. Huyo ni tegu mwingine kabisa. Nyumbani kwake ni nchi za kaskazini ya dunia, na mahali anapotesa watu zaidi ni nyanda za juu za Tibet, kule China, kwenye nyasi zilizo juu ya mita 3,500. Kule kuna wanyama wadogo wanaochimba mashimo kwenye malisho, mmoja anaitwa pika, anafanana na sungura asiye na masikio marefu. Mbwa na mbweha wanawala, wanapata tegu mdogo wa milimita chache tu, mayai yanatoka na kinyesi cha mbwa, na mfugaji anayemshika mbwa wake na kula bila kunawa anayameza. Ndani ya ini la mtu yule kiluwiluwi hakai kwenye mfuko mmoja na kutulia. Anasambaa kama saratani, na bila matibabu wengi wanakufa. Ugonjwa unachukua miaka mingi kuonekana, mtu anakuja hospitali ameshachelewa.

Huyo Usambara hayupo. Afrika Mashariki tunaye ndugu yake, Echinococcus granulosus, na mnamjua mliowahi kufika Turkana kule Kenya, eneo ambalo limewahi kuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani. AMREF walipambana naye huko tangu miaka ya 1980. Ameonekana pia kwa wafugaji wa Kimasai upande wetu wa Tanzania. Lakini mzunguko wake ni mbwa na mbuzi, kondoo, ngamia. Panya hahusiki. Na tegu anayetuumiza zaidi nchini ni yule wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimezwa na mtu viluwiluwi vinaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mbulu na Mbozi wanaijua hiyo habari vizuri. Huyo naye si wa panya.

Turudi Rangwi. Kwa asiyepajua, ni Usambara Magharibi, kwenye njia ya watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae. Wengi hulala pale kwa masista. Milima hii inapanda mpaka kwenye takriban mita 2,300. Mwezi wa Julai asubuhi unatoka nje umejifunga blanketi, huoni nyumba ya jirani kwa ukungu. Na baridi hiyo ina kazi yake kwenye hadithi yetu, maana yai la tegu adui yake ni jua na ukavu. Kwenye ubaridi na unyevu linakaa miezi kadhaa bado zima. Huku bondeni Mombo, kwenye joto lile, halidumu hivyo.

Nyasi za kule juu nyingi zipo pale msitu ulipokatwa, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kingo za vijito na malisho. Humo kuna wakazi wengi kuliko watu wanavyofikiri. Yupo panya shamba, Mastomys, ambaye jike lake lina chuchu mpaka 24 na linaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Mkulima anayelalamika kwamba panya wametokea usiku mmoja hatii chumvi sana. Yupo Otomys, mnene, pua butu, mkia mfupi, anakula majani kama ng'ombe. Yupo Lophuromys mwenye manyoya magumu kama brashi, ambaye pamoja na upanya wake anapenda sana wadudu. Yupo kirukanjia, ambaye siyo panya kabisa hata kama paka hajui tofauti, yeye chakula chake ni wadudu na minyoo ya udongo.

Sasa utamu uko hapa. Ukimpasua kila mmoja na kuangalia tegu wake, unaweza kukisia anakula nini na nani anamla. Mla majani anaokota mayai yaliyodondoshwa na paka na mondo, kwa hiyo ini lake ndilo la kuangalia. Mla wadudu anapata tegu wa namna nyingine, wale ambao utoto wao wanaupitishia ndani ya mdudu, na hao unawakuta kwenye utumbo. Pimbi naye ana wa kwake, kuna jamii inaitwa Inermicapsifer ambayo ni ya pimbi na panya wa Afrika, na mara chache imekutwa kwa watoto wa binadamu pia. Kwa mtaalamu tumbo la panya ni kama risiti ya dukani.

Na wataalamu wapo, tena wa kwetu. Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, pale Morogoro, kina kituo cha utafiti wa panya kinachojulikana dunia nzima, na sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika Lushoto. Mwaka 2007 wanasayansi walipowatenganisha hao Lophuromys wa milima mbalimbali wakakuta kumbe ni aina tofauti. Wa Usambara Magharibi akaitwa Lophuromys kilonzoi, kwa heshima ya Profesa Bukheti Kilonzo wa SUA. Wenzake watatu wa milima mingine wakapewa majina ya Makundi, Machang'u na Sabuni, wote wa kituo hicho hicho. Wengine wanapewa barabara, hawa wamepewa panya, na mimi naona ni heshima kubwa zaidi kwa sababu barabara hubadilishwa jina.

Kwa nini Profesa Kilonzo alihangaika na panya wa Usambara miaka yote hiyo? Hakupelekwa na minyoo. Alipelekwa na tauni, na hapa ndipo hofu ya bibi inapoingia.

Ila kwanza nimalizie tegu mmoja, maana ndiye anayetuvusha kutoka shambani mpaka ndani ya nyumba. Anaitwa Hymenolepis diminuta, tegu wa utumbo wa panya, anaweza kufika nusu mita. Mayai yake yanatoka na kinyesi cha panya. Ili akue lazima yai limezwe na mdudu, na wadudu wanaomfaa zaidi ni wale wadogo wa rangi ya kahawia unaowakuta kwenye unga uliokaa muda mrefu (simsemi dumuzi, tunayemwita scania), pamoja na viroboto. Kiroboto akiwa bado buu anaishi kwenye vumbi la sakafu na viota vya panya, anakula takataka, na kwenye takataka anameza mayai ya tegu. Akikua kuwa kiroboto mzima, tegu mchanga yumo ndani yake. Panya anajikuna, anamng'ata kiroboto, anammeza. Mzunguko umekamilika.

Mtoto akilamba unga mbichi wenye wadudu, au akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, naye anaweza kumpata. Hutokea mara chache na mara nyingi si ugonjwa mkali. Anaye mdogo wake, Hymenolepis nana, wa sentimita chache tu, ambaye hahitaji hata mdudu, anapita kwa mikono michafu kutoka mtoto hadi mtoto, na duniani ndiye tegu wa kawaida kuliko wote kwa binadamu. Dawa ya wote wawili ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho, inayotolewa kwa vipimo vya hospitali. Zile albendazoli wanazopewa watoto mashuleni ni nzuri kwa minyoo ya udongo, lakini kwa tegu hawa si za kutegemea. Mzazi mwenye mtoto anayelalamika tumbo kila siku pamoja na kupewa dawa za shule aombe kipimo cha choo.

Umeona njia lakini? Panya, kinyesi, vumbi la sakafu, kiroboto, nafaka, mtoto. Tegu akipita njia hiyo hatuumii sana. Bakteria wa tauni naye anatumia kiroboto huyo huyo.

Tauni ililipuka Lushoto mwezi wa Aprili 1980. Haikuondoka mpaka 2004. Katika miaka hiyo waliugua watu zaidi ya 7,000, wakafa zaidi ya 600, katika wilaya moja tu ya Tanzania. Vijiji vya upande wa Shume, Manolo na Viti viliumia, vingine karibu kila msimu, huku kijiji cha jirani kikikaa miaka bila mgonjwa hata mmoja. Msimu wenyewe mara nyingi ulikuwa mwisho wa mwaka kuingia mwanzo wa mwaka unaofuata. Homa kali ghafla, kichwa, kisha mtoki unavimba kwenye kinena au kwapani, unauma huwezi kuugusa. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na vijana, na kwa watu wazima wanawake kuliko wanaume. We fikiria nani anashinda jikoni na nani anapanda darini kushusha mahindi.

Nyumba nyingi za kule mahindi yanawekwa darini, juu ya moshi wa jiko, kwa sababu nzuri tu: moshi unafukuza wadudu na nafaka inakauka kwenye ile baridi. Lakini panya naye anapapenda. Chini yake watu wamelala, wengine sakafuni kwenye mkeka au magunia. Kiroboto anashuka.

Watafiti walihesabu viroboto kwenye nyumba za vijiji 12 vya Usambara Magharibi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kila mtu alitegemea wakute viroboto wa panya. Badala yake karibu robo tatu, asilimia 72.4, walikuwa Pulex irritans, yaani kiroboto anayependa kumuuma mtu mwenyewe. Na vijiji vilivyosumbuliwa zaidi na tauni ndivyo vilivyokuwa na viroboto hao wengi zaidi. Hii haimaanishi panya ameachiwa huru. Panya ndiye anayetoa moto nje na kuuingiza, ila kiroboto wa mtu huenda ndiye anayeusambaza kitanda kwa kitanda. Kabla ya hapo Profesa Kilonzo na wenzake walipima damu ya mbwa wa Lushoto ili waone kama wamekutana na tauni, kazi iliyochapishwa 1993. Mbwa anazunguka, anakula panya, anakusanya viroboto. Damu yake inasema mapema kuliko hospitali.

Kwa hiyo, mdau wa Rangwi, ukirudi kwa bibi mweleze hivi kwa adabu. Panya mwenye tegu kwenye ini anaishi na tegu wake. Anakimbia, anazaa, anaiba maharage. Tauni haiweki vivimbe vyeupe vya mnyoo kwenye ini, na huwezi kuijua kwa kumpasua panya jikoni. Panya wa kuogopa ni yule uliyemkuta amekufa mwenyewe, hana jeraha, hukuweka sumu, na kesho yake ukakuta mwingine. Wazee wa Lushoto wanaijua dalili hii vizuri kuliko mimi. Panya akifa mwili unapoa, na kiroboto hakai kwenye mwili wa baridi. Anaruka kutafuta wa moto. Anayemwokota panya kwa mkia kumtupa ndiye wa moto wa karibu.

Usimguse kwa mkono. Tumia koleo au mti mrefu, usimpe paka wala mbwa, watoto wakae mbali, na habari ifike zahanati au kwa afisa afya siku hiyo hiyo. Paka hasa, maana paka naye anaugua tauni na anaweza kumpa mwenye nyumba. Na kama kuna mtu ana homa na mtoki, asisubiri kuona kama utapungua. Tauni inatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria ikiwahiwa, ikichelewa siku mbili tatu ni habari nyingine.

Kosa moja nimelisikia likirudiwa hata na wasomi: panya wakizidi, mwaga sumu. Mahali penye historia ya tauni, sumu ya panya peke yake ni hatari. Unaua panya 20 kwa usiku mmoja, viroboto wao wote wanabaki bila mwenyeji, na mwenyeji wa karibu ni wewe. Ndiyo maana wataalamu wanaanza na dawa ya viroboto ndani ya nyumba na kwenye mashimo, kisha ndiyo panya. Wakati hakuna tauni, mtego ni mzuri, na huyo paka wa bibi pia ni mzuri, mradi apewe dawa ya minyoo inapopatikana na asilale kitanda kimoja na watoto. Mahindi yakiweza kuwekwa kwenye kihenge cha nje chenye miguu iliyozungushiwa bati, panya atapata taabu kupanda. Najua bati ni pesa. Kitanda nacho ni pesa. Lakini kulala juu ya kitanda badala ya sakafu kunasaidia kupunguza kuumwa na viroboto, na fundi seremala wa Lushoto haagizi mbao kutoka mbali.

Lushoto ilipotulia baada ya 2004 watu walidhani tauni imehama nchi. Mwaka 2007 ikaonekana Mbulu.

Jambo moja la mwisho, na hapa naomba msaada wenu. Nimeandika majina ya kizungu ya hawa panya wa nyasini kwa sababu Kiswahili changu kimeishia kwenye panya shamba, panya buku na kirukanjia. Wasambaa mliokulia Rangwi, Mtae, Sunga, Mlalo na Shume, wale mliokuwa mnawatega mkiwa watoto: yule mnene wa kwenye majani anaitwaje kwa Kisambaa? Na yule mwenye manyoya kama brashi? Andikeni hapo chini kwenye maoni, na mkiweza semeni na kijiji.